Kura ya Pili

Valdivia imeamka na mvua, italala na mvua.
Nimetia ukuni jikoni, nimefungua programu,
nayo imenipokea kama karani asiyejua usingizi:
mihtasari elfu nne mia nane na kumi na miwili,
umebakiwa na elfu moja na tisini na sita.

Swali letu linaenea kwenye kiganja:
mzee aliyeanguka mara moja,
ni mazoezi gani ya miguu yatakayomzuia asianguke tena?

Swali dogo, ungo mpana. Napepeta.
Huu unahusu farasi. Hapana.
Huu ni barua ya mhariri akimjibu mhariri. Hapana.
Huu umekuja mara tatu, kila mara umebadili kofia;
programu imezinasa nakala mbili, ya tatu imepenya.
Huu: wanawake sitini na wanne, kiti kimoja kimoja,
kuinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, wiki kumi na mbili.
Ndiyo.

Tartu, upande wa pili wa dunia, yuko Urmas Lepik.
Hatujaonana. Namjua kwa herufi mbili
ndani ya kiduara cha kijani.
Anapepeta chuya hizi hizi,
na pazia lililo kati yetu ndiyo sheria:
siioni kura yake mpaka nipige yangu,
wala yeye yangu.
Tukikubaliana, programu hainyanyui hata unyusi.
Tukipishana, hutuwekea kesi kwenye orodha ya rangi ya chungwa,
na kila Ijumaa Eduvina Oyarzo, kalamu mdomoni,
hutuamua kama watoto waliogombea mto wa kulalia.

Mkaidi, huyu Urmas.
Pasipo na kundi la kulinganisha, yeye ni hapana.
Mimi ni labda.
Miezi mitano tumegombana kwa vitufe,
na kila ugomvi umenionyesha kipande chake:
hapendi takwimu zilizopakwa wanja,
huanza kazi kabla jua lao halijajitambua,
na watafiti wa hospitali ndogo huwasamehe tahajia.

Kisha Jumanne moja kiduara kikanyamaza.
Jumatano. Alhamisi. Wiki.
Mstari wa maendeleo umeganda kwenye asilimia sabini na saba.
Kura zangu zimepangwa zikingoja za pili,
viatu vya mguu mmoja mlangoni.

Niliandika kwenye kisanduku cha maelezo: U mzima?
Nikafuta.
Kisanduku hicho ni cha sababu za kukataa.
Washiriki sio. Matokeo sio. Muundo wa utafiti sio.
Hakuna kitufe cha mtu aliyenyamaza.

Siku ya kumi na moja, saa tisa usiku kwangu,
kura moja ikaingia.
Ni ule wa wanawake sitini na wanne.
Ndiyo.
Na chini yake, mahali pa maelezo:

*Mama alianguka bafuni. Nyonga. Wamempasua.
Huu nimeusoma kando ya kitanda chake.
Jana ameinuka kwenye kiti mara nne.
Tafadhali, hiyo usiihesabu kama data.*

Sikuihesabu.
Ripoti itakapotoka itakuwa na mchoro wake,
visanduku na mishale, waliobaki thelathini na mmoja,
na sentensi ambayo kila ripoti huiandika:
wachambuzi wawili walichuja, kila mmoja kivyake.

Nikainuka kutia ukuni. Nikaketi.
Nikainuka tena, bila sababu, nikaketi,
mpaka zikatimia nne,
na magoti yangu ya miaka arobaini na sita
yakatoa maoni yao.

Muhtasari uliofuata ulihusu paka wenye kizunguzungu.
Hapana, nikabonyeza.
Sekunde sita hazikupita, ukaondoka kwenye orodha.
Huko kwao kulishapambazuka.
Naye alikuwa macho.